Kabla ya Kuchora Jengo la Kuwasili, Kaa na Mashirika ya Ndege

Ukipewa kazi ya kuongoza mradi wa jengo jipya la kuwasili, anza kwa kukubali jambo moja: hakuna anayelipenda jengo hilo kiasi cha kulilipia kwa hiari. Upande wa kuondoka una maduka, migahawa, kumbi za mapumziko za abiria wa daraja la juu na tozo inayokatwa ndani ya tiketi. Upande wa kuwasili una foleni, mikanda ya mizigo na maofisa wa serikali wasiokulipa pango. Abiria aliyekaa angani saa nane hataki kununua manukato. Anataka kugongewa muhuri, achukue begi lake, aende zake. Ndiyo maana swali la nani alipe linapaswa kuulizwa siku moja na swali la jengo liwe kubwa kiasi gani, na yote mawili yaulizwe mbele ya mashirika ya ndege.

Namna kazi hii inavyoharibika inajulikana. Mamlaka hupata mkopo, hupata mshauri elekezi, michoro hupakwa rangi, mgeni rasmi huweka jiwe la msingi, halafu mashirika huitwa hotelini kwa kikao cha wadau. Wanaoneshwa picha za jengo, wanapewa chai na sambusa, na kabla ya kufunga kikao wanaambiwa tozo itapanda. Hilo ni tangazo. Mashauriano utayatambua kwa alama moja: yanapofanyika, kuna kitu bado kinaweza kubadilika, kiwe ukubwa, mahali, awamu za ujenzi, chanzo cha fedha au kiwango cha tozo. Kama vyote vimeshafungwa, usiwapotezee watu muda.

Barua itakayotoka kwa wakili

Soma Hati Namba 9082 ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kabla hujapanga kikao, kwa sababu wanasheria wa mashirika wameshaisoma. Inabeba sera za tozo za viwanja vya ndege, na imejengwa juu ya mambo manne: kutobagua, tozo kuendana na gharama, uwazi, na kushauriana na watumiaji. Haikufungi kama mkataba, lakini nchi zote za Afrika Mashariki ni wanachama wa ICAO, na Ibara ya 15 ya Mkataba wa Chicago wa 1944, ambayo inafunga, inakataza kuzitoza ndege za kigeni zaidi ya ndege za nyumbani zinazofanya safari za kimataifa za aina hiyohiyo. Ukiwa na shirika la taifa lenye mwenye hisa yuleyule anayemiliki uwanja, ibara hiyo itatajwa mapema sana.

Hati 9082 inataka watumiaji wapewe taarifa angalau miezi minne kabla ya tozo mpya au mabadiliko ya tozo. Iweke miezi hiyo kwenye kalenda yako tangu mwanzo, maana miradi mingi huitafuta mwishoni na kuikosa. Umoja wa Ulaya nao, kwa mwongozo wake wa 2009 kuhusu tozo za viwanja vyenye abiria zaidi ya milioni 5 kwa mwaka, unataka uwanja ushauriane na watumiaji kabla mipango ya miundombinu mipya haijakamilishwa. Mashirika ya Ulaya yanayotua Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe yamezoea utaratibu huo nyumbani, na yatashangaa yasipouona kwako.

Marekani wameenda mbali zaidi. Uwanja unaotaka kutoza abiria ada ya miundombinu, ambayo kikomo chake ni dola 4.50 kwa kila abiria anayepanda, lazima uyaandikie mashirika, uite mkutano, kisha uyape siku 30 za kutamka kwa maandishi kama yanakubali au yanapinga, na kwa nini. Shirika lisilojibu huhesabiwa limekubali. Kanuni hiyo ya mwisho naipenda. Iige kwenye barua yako ya mwaliko, kwa maneno ya wazi, na utaona majibu yanavyokuja haraka.

Nani anaitwa, na nani anaamua

Mtu wa kwanza kukujia akilini ni meneja wa kituo, yule anayekaa ofisi ya ghorofa ya pili na kukupigia simu mkanda wa mizigo ukikwama. Muite, maana anajua abiria wanakwama wapi na saa ngapi. Lakini hana mamlaka juu ya fedha. Anayeamua kama shirika litakubali tozo mpya yuko makao makuu, Doha, Amsterdam, Addis Ababa au Istanbul, kwenye idara ya mambo ya viwanja na ada za watumiaji, na hajawahi kuliona jengo lako. Barua iende kwake, nakala kwa meneja wa kituo. Usipofanya hivyo utapata kikao chenye tabasamu na, miezi mitatu baadaye, pingamizi lenye kurasa 12.

Vyombo vya pamoja vipo tayari. Karibu kila uwanja wa kimataifa una kamati ya waendeshaji wa ndege inayokutana mara kwa mara kuhusu shughuli za kila siku. Nchi nyingi zina bodi ya wawakilishi wa mashirika. Na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kina wataalamu wa viwanja wanaoweza kukaa mezani kwa niaba ya wanachama wengi. Kumbuka pia wasio wanachama wa IATA. Mashirika madogo ya ndani na yale ya kukodi yanayoleta watalii wa msimu husahaulika, na yakisahaulika huenda moja kwa moja kwa waziri.

Kuna kundi jingine ambalo si mashirika, ila bila hilo mashauriano ni kazi bure: Uhamiaji, Forodha, afya ya mipakani, polisi, na kampuni zinazoshusha mizigo. Dirisha la Uhamiaji lisilo na ofisa ni samani tu. Mashirika yatakuuliza, mbele ya watu wote, kama madirisha 24 unayotaka yalipiwe yatakuwa na watu 24 saa saba usiku. Jibu hilo hulitoi wewe. Hakikisha anayelitoa yumo chumbani.

Mpangilio wa vikao una mtego wake. Ratiba za miaka mitano ijayo ni siri ya biashara. Hakuna shirika litakalosema mbele ya mshindani wake kwamba linapanga kuleta ndege kubwa zaidi, na sheria za ushindani katika nchi nyingi zingelikataza hata kama lingetaka. Kwa hiyo kutana na kila shirika peke yake, chini ya makubaliano ya usiri, uchukue makadirio yake, uyachanganye na ya wengine, kisha ulete kwenye kikao cha pamoja jumla tu.

Ukubwa: hesabu kabla ya zege

Abiria wa mwaka mzima hawakusaidii kupima ukumbi. Kinachoupima ni saa ya kilele, na upande wa kuwasili kilele ni kikali kuliko upande wa kuondoka, kwa sababu abiria wanaoondoka huja uwanjani kidogokidogo ilhali wanaowasili humwagwa kwa mkupuo.

Chukua mfano. Ndege tatu zinatua ndani ya dakika chache: Boeing 777-300ER yenye viti 350, Boeing 787-8 yenye viti 260, na nyingine yenye viti 290. Jumla viti 900. Zikiwa zimejaa kwa asilimia 80, wameshuka 720. Toa 60 wanaounganisha safari, wanabaki 660 mbele ya Uhamiaji. Kila abiria akichukua dakika 2, na ukitaka wote wapite ndani ya dakika 45, unahitaji madirisha 30. Akichukua dakika moja na nusu, unahitaji 22. Akichukua dakika moja, kwa sababu viza imeombwa na kulipiwa mtandaoni kabla ya safari, unahitaji 15.

Hesabu hiyo iweke ukutani kwenye kikao cha kwanza, kabla ya mchoro wowote. Nusu ya ukumbi wako imefichwa ndani ya dakika moja ya utaratibu, na mara nyingi mashine za kusoma pasipoti na fomu isiyouliza maswali yaleyale mara mbili ni nafuu kuliko mita za mraba. Mashirika yatakuheshimu kwa kuanza hapo. Yasipokuona ukianza hapo, yatakuletea hesabu yao, na itakuwa na madirisha machache kuliko unavyotaka.

Mtu atauliza kwa nini usiziombe ndege hizo tatu zitawanyike. Uliza, hakuna ubaya, lakini usitegemee. Ndege inayotoka Dubai au Doha inapangwa kufuatana na wimbi la ndege nyingine za huko. Kuisogeza dakika 40 ni kuwakosesha abiria safari zao za kuunganisha. Huenda moja kati ya tatu ikasogea, ile ambayo haibebi wa kuunganisha.

Kwa kipimo cha ubora, tumieni mwongozo wa IATA wa kupanga viwanja, ambao unaugawa ukumbi katika hali tatu: uliojengwa kupita mahitaji, unaotosha, na usiotosha. Kubalianeni kwa maandishi kwamba mnatafuta unaotosha, tena katika mwaka gani. Kutosha mwaka wa kufunguliwa ni jambo moja, kutosha miaka 15 baadaye ni jingine kabisa, na tofauti yake ni mamilioni ya dola. Ubishani mwingi unaoitwa wa ukubwa, ukiuchimba, ni ubishani wa mwaka.

Halafu uliza kuhusu ndege zenyewe. Abiria 350 kwenye ndege moja si sawa na 350 kwenye ndege mbili: mkanda wa mizigo unatofautiana, maegesho yanatofautiana. Mabawa ya 787-8 yana upana wa mita 60 hivi, ya 777-300ER karibu mita 65. Uwanja wa Seattle-Tacoma, Marekani, ulifungua jengo lake jipya la kuwasili mwaka 2022, lenye daraja la waenda kwa miguu la mita 238 linalopita juu ya njia ya ndege. Ni kazi nzuri mno ya uhandisi. Lakini ilibainika kuwa idadi ya ndege za bodi pana zinazoweza kuegeshwa kwa pamoja kwenye milango inayohudumiwa na jengo hilo ni ndogo kuliko iliyokusudiwa. Hebu fikiria kulieleza hilo kwa shirika lililokubali kulipia mradi kwa sababu ya milango hiyo. Waombe wahandisi wa mashirika waikague michoro ya maegesho, ndege kwa ndege, mchana na usiku, na waweke sahihi.

Nani alipe

Hapa kaa kwa muda mrefu. Tuseme jengo linahitaji mkopo wa dola milioni 60, riba asilimia 6, miaka 20. Malipo ya kila mwaka yanakaribia dola milioni 5.2. Abiria wa kimataifa wakiwa milioni 1 kwa mwaka, kila mmoja anabeba dola 5.20. Makadirio yakikosea na wakawa 700,000, inakuwa karibu dola 7.50. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, abiria duniani walipungua kwa asilimia 60. Kwa kipimo hicho kila mmoja angebeba dola 13, bila kuhesabu umeme, usafi na matengenezo. Kwa Tanzania, ambako tozo ya huduma kwa abiria wa kimataifa imekuwa dola 40 kwa miaka mingi, kuongeza dola 5 ni kupandisha kwa zaidi ya asilimia 12. Kwa familia ya watu watano inayotoka likizo Muscat hicho ni kiasi kinachoonekana.

Mashirika yatakuuliza mwenye hatari ni nani abiria wasipokuja. Ukikopa mwenyewe kwa kutegemea tozo, hatari ni yako, na benki itataka uwe huru kuipandisha tozo. Serikali ikidhamini, ni ya mlipa kodi. Ukimpa mwekezaji binafsi uwanja kwa miaka 30, atakwambia hatari ameibeba yeye, kisha usome kifungu cha fidia kwenye mkataba. Weka majedwali ya njia hizi zote mezani, kila moja na tozo inayotokana nayo, ya mwaka wa kwanza hadi wa ishirini. Njia moja tu iliyoandaliwa vizuri huwafanya watu waamini kwamba nyingine zimefichwa.

Wapo watakaopendekeza kuanza kutoza kabla jengo halijajengwa, ili kupunguza mkopo. Hati 9082 inaruhusu hilo kwa masharti: mdhibiti awe na meno, hesabu ziwe wazi na fedha zifungwe kwa mradi huo, watumiaji washauriwe mapema na kwa kadiri iwezekanavyo wakubali, na muda uwe na kikomo. Mashirika huichukia njia hii, na yana sababu: abiria wa leo analipia jengo ambalo huenda asilione, na fedha iliyokaa kwenye akaunti ya umma ina tabia ya kupata matumizi mengine. Mimi ningeitumia kwa sehemu ndogo tu, tena kwenye akaunti ya pekee ambayo wawakilishi wa mashirika wanaisoma kila robo mwaka.

Sasa ugomvi wenyewe. Mashirika hayatazungumza kwa sauti moja. Lenye safari nyingi za ndani litasema abiria wake hawatakanyaga jengo hilo. Lenye abiria wengi wa kuunganisha litasema vivyo hivyo. La kigeni litahofia kwamba mzigo utaegemezwa kwake ili shirika la taifa lipumue. Seattle walikuwa nayo sura hii waziwazi: Alaska Airlines, yenye mizizi mirefu kwenye safari za ndani, na Delta, iliyokuwa ikijenga kituo chake cha safari za nje, hawakuwa na faida sawa kwenye jengo lilelile. Kila mmoja ana hoja. Msimamo wangu ni kwamba gharama ibebwe na abiria wa kimataifa wanaoanzia au kuishia hapo, wa kuunganisha wasamehewe, na wa ndani waoneshwe wanachopata, kwa mfano ukumbi wa zamani unaobaki wazi kwa ajili yao. Tozo ikikatwa kwenye tiketi ya kuondoka hakuna tatizo. Karibu kila anayekuja huondoka.

Watakuuliza pia mapato ya maduka na maegesho ya magari yanaenda wapi. Kama yanaingia kwenye mfuko mmoja na tozo za ndege, yanapunguza tozo. Kama yana mfuko wake, hayapunguzi. Ujue jibu kabla ya kikao, na ujue Hazina inasemaje.

Iko siku shirika la ndege lenyewe litakuwa mwekezaji. Desemba 2019 Rwanda na Qatar Airways zilitangaza makubaliano ya shirika hilo kuchukua asilimia 60 ya uwanja mpya wa Bugesera. Hilo likitokea kwako, mashauriano na mashirika mengine yasimamiwe na mdhibiti, maana mwenyeji sasa ni mshindani wao.

Kuandika, kujenga, kufungua

Kila hoja iliyotolewa iingie kwenye jedwali: nani kaitoa, tumejibu nini, tumebadilisha nini, na kama hatukubadilisha, kwa nini. Jedwali lirudi kwa wote ndani ya wiki mbili. Wizara ikikuuliza kama mlishauriana, orodha ya mahudhurio haitakusaidia, jedwali litakusaidia.

Kubalianeni mapema gharama ikipanda mtafanya nini. Bajeti ya jengo la Seattle ilipandishwa mwaka 2018 kutoka takriban dola milioni 766 hadi milioni 968. Andika kizingiti, tuseme asilimia 10, ambacho kikivukwa lazima mrudi mezani kabla ya kusaini nyongeza yoyote. Na andika mnavyoachana ikibidi. Nairobi ilizindua ujenzi wa jengo kubwa la abiria milioni 20 mwaka 2013, likafutwa 2016. Na pendekezo la kukabidhi uwanja wa Jomo Kenyatta kwa kampuni ya Adani kwa miaka 30 lilizua mgomo wa wafanyakazi Septemba 2024 na kufutwa Novemba.

Wakati wa ujenzi, mashirika yanachohofia ni kupoteza maegesho na kuwabeba abiria kwa mabasi. Wapeni ramani ya kila awamu. Nairobi walijifunza bila kupenda: moto wa Agosti 7, 2013 uliteketeza ukumbi wa kuwasili wa kimataifa, na abiria wakahudumiwa kwenye mahema na kwenye jengo la kuegesha magari. Ilionekana basi kwamba ukumbi wa muda unaweza kufanya kazi. Huo wa kwako utakuwa na faida ya kupangwa.

Siku ya kufungua isiwe ya mwanasiasa. Kituo cha 5 cha Heathrow kilifunguliwa Machi 27, 2008, British Airways ikiwa ndiyo mtumiaji wake na imeshiriki kwenye mipango kwa miaka mingi, na bado maelfu ya mabegi yalikwama na safari zikafutwa. Wafanyakazi hawakuwa wamelizoea jengo. Fanyeni majaribio na abiria wa kujitolea wenye mabegi ya kweli, usiku pia, na shirika lolote likisema watu wake hawako tayari, lihamie wiki zinazofuata.

Kisha, kila mwaka baada ya hapo, yapelekee mashirika hesabu ya kurasa mbili: abiria waliotarajiwa na waliokuja, tozo iliyokusanywa, deni lililobaki. Abiria wakizidi makadirio, tozo ishuke kwa fomula iliyomo kwenye makubaliano, na tarehe ya kuifuta iandikwe katika hati ileile inayoianzisha.